Waanzilishi wa Darasa la Jumamosi

Sakiusa Vunibola alifundisha takwimu katika chuo kikuu kimoja pale Suva, mji mkuu wa visiwa vyao, tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote, na katika muda huo hakuna mtu aliyewahi kumpa ahsante ya kutundikwa. Za mdomo alipewa nyingi. Wanafunzi wa kisiwa cha kwao, Kadavu, walimletea magimbi wakitoka likizo, na mama mmoja wa Lau alimsukia mkeka kwa sababu mwanawe alifaulu mtihani ambao ukoo mzima ulikuwa umeshaukatia tamaa. Lakini mkeka hauwekwi kwenye ukuta ule wa kitivo, pembeni ya lifti, ambako washindi wa Tuzo ya Mwalimu Bora wametundikwa ndani ya fremu, kila mmoja akitabasamu kama mtu aliyelipiwa deni lake na jirani. Sakiusa aliwapita kila asubuhi. Wawili kati yao alikuwa amewafundisha mwenyewe, na mmoja wa hao wawili, yeye Sakiusa aliwahi kumkamata akiibia mtihani.

Basi mwaka ule tangazo la tuzo lilipotoka, alijiambia kwamba angeomba, si kwa ajili yake, bali kwa heshima ya idara. Aliurudia uongo huo mpaka ukamkaa vizuri mwilini.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa Lemeki, na hapo alikosea. Lemeki alifundisha idara hiyohiyo, mlango wa tatu kutoka kwake, lakini zaidi ya hayo alikuwa mtoto wa mjomba wake, na binamu wa namna hiyo hutaniana mpaka siku ya kuzikana. Hakuna neno ambalo angekwambia ukanuna, maana ukinuna umeshindwa. Ilikuwa Ijumaa jioni, wamekaa kwenye mkeka nyuma ya jengo la idara, bakuli la kava, kinywaji chao cha mizizi, katikati.

"Tuzo?" Lemeki aliuliza, akipokea kifuu chake. "Wewe, binamu?"

"Mimi."

"Ya uvuvi?"

"Ya ualimu bora."

Lemeki alikunywa chote kwa mkupuo mmoja, akapiga makofi kama inavyotakiwa, akajifuta mdomo taratibu. "Wanatafuta mwalimu bora au wanatafuta aliyekaa sana?"

"Cheka tu."

"Sicheki. Jumatano kanisani huwa tunawaombea waliopotea. Nitakuweka kwenye orodha, baada ya yule aliyekwenda Sydney akaoa mara mbili."

Wenzao waliokuwa kwenye mkeka walicheka, na Sakiusa akacheka pia. Usiku huo hakumwambia mkewe habari za Lemeki. Alimwambia tu kwamba wiki ijayo kuna warsha.

Warsha iliitwa "Namna ya Kuandaa Maombi Yenye Nguvu", na mwenye warsha alikuwa Profesa Gwenda Pascoe, mama mrefu kutoka Melbourne, mkuu wa ofisi ya ubora wa ufundishaji. Alikuwa na sauti nzuri sana, sauti ya mtu ambaye kwa miaka mingi hajalazimika kushindana kwa kelele na wanafunzi. Mezani palikuwa na sambusa na keki za nazi. Sakiusa alimkuta Ashwini Lal ameketi safu ya mbele kabisa, daftari wazi, kalamu tatu za rangi. Ashwini, mwenyeji wa mji wa Labasa, alikuwa wa idara yao pia, mdogo kwake kwa umri lakini si kwa ulimi.

"Nawe unaomba, dada?" Sakiusa alimnong'oneza.

"Mimi? Nimefuata sambusa, kaka Saki."

Sambusa hakuigusa. Na mlangoni, muda wote wa warsha, alisimama Lemeki, ambaye alieleza kwamba anatafuta waya wa projekta. Waya wenyewe ulikuwa umening'inia ukutani mbele ya macho yake.

Profesa Pascoe aliwaambia kwamba kila mwombaji lazima awe na falsafa ya ufundishaji. Aliwaambia kamati inapenda namba, inapenda kisa, inapenda barua kutoka kwa mwanafunzi wa zamani aliyefanikiwa. Kisha akashusha sauti, kama anayegawa dawa ya siri.

"Na ugonjwa wa visiwa hivi naujua," alisema. "Kila maombi ninayosoma yanasema 'sisi'. Tulifanya, tulianzisha, tulisaidiana. Ndugu zangu, kamati haiwezi kumpa tuzo 'sisi'. 'Sisi' hana uso. Ondoeni 'sisi' zote. Andikeni 'mimi'."

Ashwini alipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kule mlangoni, Lemeki aliandika kitu kwenye kiganja.

Sakiusa alirudi ofisini kutafuta falsafa. Miaka yote aliyofundisha hakuwa ameihitaji. Aliingia darasani, akaeleza wastani ni nini, wasipoelewa akaeleza tena kwa mfano wa samaki, wasipoelewa bado akawapa mazoezi mpaka wakaelewa au wakahama somo. Hilo halikusikika kama falsafa. Alishinda siku mbili akisoma falsafa za watu wengine kwenye mtandao, na mwishowe akaandika kwamba yeye humwona mwanafunzi kama mtumbwi na elimu kama mkondo wa bahari. Alipoisoma hakuelewa yeye anakaa wapi katika picha hiyo, kama ni nahodha au ni kasia. Aliiacha hivyo hivyo, maana ilikuwa na sauti kubwa.

Kisa alikuwa nacho, tena kizuri. Kila Jumamosi, katika chumba cha chini cha jengo la hisabati, palikuwa na darasa la bure kwa wanafunzi wa visiwa vya mbali, Kiribati, Tuvalu, Lau, Rotuma, watoto waliofika Suva wakiwa na akili nzuri na hesabu za kuokoteza. Walikaa pale tangu asubuhi. Walielekezwa, walilishwa, wakarudi mabwenini. Wengi waliokuwa wakifeli wakaacha kufeli. Sakiusa alifundisha pale kwa miaka, bila malipo na bila kuandikwa popote, na kama ungemuuliza wakati ule kwa nini, angekwambia Jumamosi nyumbani kuna kukata majani.

Rasimu ya kwanza aliiandika kwa uaminifu: tulianzisha darasa, tuliwafundisha, tuliwatafutia chakula. Kisha akaanza kutibu. Kila alipoona "tu" aliweka "ni". Nilianzisha. Niliwafundisha. Mara ya kwanza mkono ulisita kidogo, mara ya pili haukusita, na alipofika ukurasa wa tatu alikuwa anafanya haraka kama mtu anayepalilia. Ashwini aliondoka kwenye darasa la Jumamosi katika aya ya pili. Lemeki alitoka katika ya nne. Kufikia mwisho Sakiusa alikuwa amebaki peke yake chumba kizima, na kwa kuwa sasa ilikuwa kweli kwenye karatasi, aliongeza neno "peke yangu".

Mkewe Litiana aliomba kuisoma. Litiana alikuwa muuguzi, na alisoma kila kitu kama anayesoma karatasi ya mgonjwa, akitafuta mahali panapouma.

"Hapa umeandika ulihakikisha wanafunzi wanapata lishe bora," alisema.

"Ndiyo."

"Ulipika lini, baba Mere?"

"Hiyo ni lugha ya maombi tu."

"Sijauliza lugha. Mihogo ile, na samaki wa kopo, na majani ya magimbi kwa tui la nazi, kila Jumamosi, ulivipika lini?"

Sakiusa alifikiri. "Nilikuwa nabeba sufuria."

"Basi andika ulibeba sufuria."

Alikwenda akaandika kwamba alisimamia usafirishaji wa chakula. Litiana alisoma tena, akarudisha karatasi, na chakula cha usiku huo kilikuwa mikate iliyolala.

Ikabaki barua ya mwanafunzi. Sakiusa alimwandikia Teretia, binti wa Kiribati aliyekuwa akikaa safu ya mbele ya darasa la Jumamosi miaka kadhaa nyuma na ambaye sasa alikuwa mtu mkubwa katika ofisi ya takwimu kule Tarawa. Teretia alijibu upesi, na barua yake ilikuwa ya kutoa machozi. Alisema kwamba bila mwalimu Sakiusa angekuwa amerudi kwao mwaka wa kwanza. Alisema kwamba sauti yake tulivu bado huisikia anapofanya hesabu ngumu. Alitaja hata ndevu zake nyeupe, jinsi alivyokuwa akizikuna akisubiri mwanafunzi afikirie. Sakiusa alimsomea mkewe, kisha akamsomea tena.

"Hii ni nzuri," Litiana alisema, na alimaanisha. "Hii peke yake ingetosha."

Maombi yalipelekwa. Sakiusa alitembea wiki zile kama mtu aliyevaa viatu vipya. Lemeki alimwita "Mheshimiwa", akamfungulia milango, akamwuliza picha yake itapigwa kwa upande upi, maana upande mmoja ulikuwa na meno zaidi. Ashwini naye alikuwa mpole kupita kawaida, na hilo lingemstua Sakiusa kama angekuwa anatazama kitu kingine mbali na nafsi yake.

Kisha mkuu wa kitivo akamwita. Profesa Taraivini Koroi alikuwa mwanamke mfupi, mwenye tabia ya kukaa kimya mpaka mtu mwingine aone aibu. Sakiusa alivaa sulu yake nzuri ya kijivu, ile sketi ya heshima ya wanaume wa kwao, na viatu, akaenda akitayarisha maneno ya unyenyekevu. Alifungua mlango, akamwona Ashwini kwenye kiti kimoja na Lemeki kwenye kingine. Lemeki hakumwita Mheshimiwa. Alikuwa anatazama zulia.

"Keti, Dokta Vunibola," Profesa Koroi alisema. Mbele yake palikuwa na majalada matatu. "Nataka mnisaidie, kwa sababu kamati imenirudishia hizi na mimi hesabu si fani yangu. Dokta Lal anasema, nasoma, 'Nilianzisha peke yangu darasa la Jumamosi kwa wanafunzi wa visiwa vya mbali.'"

Ashwini alikohoa.

"Dokta Lemeki anasema, 'Nikiwa sina msaada wa mtu yeyote, nilianzisha darasa la Jumamosi.' Dokta Vunibola anasema 'peke yangu' mara tatu katika ukurasa mmoja. Sasa nauliza. Haya ni madarasa matatu?"

"Ni moja," Sakiusa alisema, kwa sauti iliyotoka ndogo.

"Chumba kimoja?"

"Kimoja, profesa."

"Na kila mmoja wenu alikuwa peke yake humo."

Nje mvua ya Suva ilikuwa imeanza, na kwa mara ya kwanza maishani Sakiusa alitamani izidi kelele.

"Sasa tuje kwenye barua," Profesa Koroi aliendelea. "Nyote mmeungwa mkono na mtu mmoja, Bi Teretia. Maneno ni yaleyale, kabadilisha majina tu. Sauti tulivu, hesabu ngumu, yote." Akageuza ukurasa. "Dokta Lal, barua yako inasifu ndevu zako nyeupe."

Lemeki alitoa mlio puani. Alijitahidi kuuzuia lakini ulikwisha kutoka, na Ashwini akamgeukia kwa jicho ambalo lingekausha nguo.

Profesa Koroi alipiga simu Tarawa palepale, akaiweka wote wasikie. Teretia alipoelewa anazungumza na nani na waliokuwa chumbani ni nani, alianza kuomba radhi.

"Waliniomba wote wiki moja, profesa. Wote ni walimu wangu. Ningemnyima nani? Nikasema niandike moja nzuri, kila mtu apate. Ndevu niliziweka kwenye ya mwalimu Saki kwanza, nikasahau kuzitoa."

"Hilo limepita," Profesa Koroi alisema. "Niambie tu, darasa lilianzishwa na nani?"

"Darasa?" Teretia alisikika akishangaa. "Sisi tulikuwa tumeshaanza. Mabwenini kulikuwa na joto na kelele, na mlango wa kile chumba cha chini ulikuwa haufungi. Tulikuwa tunakaa mle tunafundishana. Siku moja mwalimu Ashwini akashuka kutugombeza, maana alikuwa juu anasahihisha mitihani na tunampigia kelele. Akaona swali ubaoni tumelikosea, akasema hawezi kuondoka akaliacha vile."

"Na Dokta Vunibola?"

"Mwalimu Saki alikuja kujificha. Alisema kwake siku ile ni zamu yake ya kukata majani." Teretia alicheka kidogo, kisha akajizuia. "Lakini alikaa, profesa. Wote walikaa. Mwalimu Lemeki alikuja aliposikia kuna chakula cha mama Litiana, ila naye alikaa, miaka yote."

Simu ilipokatwa, Sakiusa alijikuta anamtazama Lemeki, na Lemeki anamtazama yeye, na wote wawili wakageuza macho haraka.

Profesa Koroi alikuwa na ghadhabu kidogo tu. Zaidi alikuwa na uso wa mtu aliyegundua mali iliyofichwa, na hilo Sakiusa alilitambua baadaye, alipokuwa amechelewa. "Nimekuwa mkuu hapa muda wote huu," alisema polepole, "na sikujua kitivo changu kina darasa la Jumamosi." Akawapa mpaka Jumatatu waandike ombi moja la pamoja, kundi la watatu, wakitaka.

Walikutana ofisini kwa Ashwini siku iliyofuata. Alikuwa ameleta roti, chapati za kwao, na mchuzi wa viazi, dalili ya kutaka amani, na kwa nusu saa amani ilikuwepo. Walirudisha "sisi" zote mahali pake. Wakacheka ndevu. Wakafika kwenye mstari wa majina.

"Kwa alfabeti," Ashwini alisema. "Ndiyo desturi. Ashwini, Lemeki, Sakiusa."

"Kwa majina ya ukoo basi," Sakiusa alisema.

"Lal, kaka. L. Wewe ni V. Huko nako uko mwisho."

"Mimi ni mkubwa wenu. Kwa adabu ya kawaida tu, mkubwa hatajwi wa mwisho."

"Mimi niliingia kwanza kwenye kile chumba. Teretia kasema."

"Uliingia kugombeza."

"Na wewe uliingia kukimbia kazi za nyumbani."

"Mimi," Lemeki alisema, mdomo umejaa roti, "mniweke katikati. Katikati ndipo picha hutoka vizuri."

Wakamgeukia yeye kwa pamoja. Ashwini alimwambia kwamba kwa miaka ile yote amefundisha saa chache kuliko alizotumia kula. Lemeki alimwambia kwamba wanafunzi wakitaka kulia huenda kwake, na wakitaka kulizwa huenda kwa Ashwini. Sakiusa alisema kwamba kama ni hivyo afadhali jina lake lisiwepo kabisa, akasubiri mtu amkatalie. Hakuna aliyemkatalia. Jumatatu ilipofika hakuna kilichopelekwa.

Tuzo alipewa Dokta Hardacre wa idara ya utawala, kwa kozi mpya ambayo ingeanza kufundishwa mwaka unaofuata. Maombi yake yalikuwa na filamu fupi, na kamati ilisifu uwezo wake wa kuona mbali. Kwenye sherehe alivishwa shada la maua, akashukuru kwa dakika nyingi, na neno "mimi" likamtoka kinywani laini kabisa, kama mtu aliyezaliwa nalo. Sakiusa na Lemeki walisimama nyuma, karibu na meza ya vitafunwa.

"Mbona hukuniambia kwamba unaomba?" Sakiusa aliuliza, bila kugeuka.

"Nilidhani nikikucheka sana utaacha."

"Ungeniambia ningeacha."

"Usingeacha, binamu." Lemeki alichagua keki, akaiangalia. "Mimi mwenyewe nilijicheka, na sikuacha."

Sakiusa akamgeukia sasa. Alikuwa amemkasirikia Lemeki wiki nzima, na sasa hasira ilikuwa inamponyoka, naye hakupenda inavyoondoka bila ruhusa yake. Aliichukua keki mkononi mwa Lemeki akaila yeye.

Jumamosi iliyofuata alikwenda darasani, kwa kuwa wanafunzi hawakujua habari za tuzo na mtihani ulikuwa karibu. Ashwini alikuwepo, ubaoni. Hawakusalimiana. Saa sita Lemeki alifika na sufuria, kwa maana Litiana alikuwa amekataa kumpa mumewe aibebe.

Yangeishia hapo, na ingekuwa heri. Lakini mwezi uliofuata ilikuja barua ya Profesa Koroi. Kitivo kilikuwa kimefurahishwa na darasa la Jumamosi, na sasa lingekuwa mradi rasmi wenye jina refu, nembo, na ripoti kila mwezi. Wanafunzi wangejiandikisha wiki moja kabla. Mlango wa chumba cha chini ulitengenezwa, ukawa unafunga, na ufunguo ukawekwa katika ofisi ambayo haifunguliwi Jumamosi. Mwezi wa kwanza walijiandikisha wengi, wa pili wachache. Ashwini alipata kazi Auckland, akaondoka kwa amani. Kwenye chakula cha kuagana alimkumbatia Sakiusa na kumwambia amsamehe, kisha akamwambia kwamba bado alfabeti ilikuwa upande wake. Uratibu wa mradi alikabidhiwa Sakiusa, kwa kuwa, barua ilisema, yeye ndiye aliyejieleza zaidi kuwa mwanzilishi.

Jioni moja alikaa mezani nyumbani na ripoti mbele yake. Litiana alikuwa anavaa kwenda mazoezi ya kwaya.

"Wameandika kwamba mpishi wa mradi anatakiwa awe na cheti cha usafi wa chakula," alimwambia bila kuinua uso. "Na leseni ya jikoni. Na akaguliwe."

"Mpishi nani?"

"Wewe, mama Mere."

"Mimi si mpishi wa mradi." Alifunga hereni ya pili mbele ya kioo. "Kwenye maombi yako sikuona mpishi. Nilisoma yote."

Sakiusa alikuna ndevu. "Watakula nini, sasa?"

"Mwulize aliyehakikisha lishe bora," Litiana alisema, akachukua kitabu chake cha nyimbo, akatoka. Sakiusa alisikia akimsalimu jirani getini, sauti yake nyepesi kabisa. Alikaa kidogo. Kisha akaenda jikoni, akavuta kapu la mihogo kutoka chini ya meza, akatafuta kisu, na akaanza kumenya mmoja, vibaya, akikata ganda nene pamoja na nyama yake.